Mashimo au Machimbo? Neno Moja la Frederick Johnson

Riwaya ya Rider Haggard juu ya almasi za Mfalme Sulemani ilitoka Uingereza mwaka 1885. Frederick Johnson, ambaye mwaka 1930 alikuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha, aliifasiri, na mwaka 1929 ikatoka kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wapo wenzetu wanaolicheka jina hilo: eti Mzungu alikosa neno, akaokota "shimo".

Kwetu Tegeta kicheko hicho kinaeleweka. Kuanzia Wazo, ambako kiwanda cha saruji kinakila kilima tangu 1966, hadi Kunduchi, mahali panapotolewa mawe huitwa machimbo. Dereva wa lori hakuambii anakwenda "mashimoni". Shimo ni la taka, la choo, au lile la barabarani linalovunja springi za daladala.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Mtafsiri hufasiri pia mahali ambapo msomaji atapelekwa kwa macho. Haggard aliwahi kuishi Afrika Kusini, na huko Kimberley almasi zilikuwa zikichimbwa tangu 1871. Ndiyo maana wasafiri wake, wakifika mwisho wa barabara ya Sulemani, wanakuta shimo kubwa la mviringo, kingo zimeinama, na msimulizi analitambua kwa sababu Kimberley ameshaiona. Wanaona shimo, basi. Hakuna anayechimba. Johnson alikisoma kitabu mpaka ndani, tumpe haki yake.

Kinachonikera mimi ni kingine. Machimbo yanatokana na kuchimba, na kuchimba kuna mikono. Ukisikia machimbo unaona sururu, vumbi, akina mama wamekaa juani wakiponda kokoto. Shimo lenyewe lipo tu, kama vile limeumbwa na Mungu. Jamani, la Kimberley halikuumbwa! Lilichimbwa na maelfu ya Waafrika, ambao makampuni yalianza kuwafungia ndani ya makambi mwaka huohuo wa 1885. Haggard hakuwatia riwayani. Sifa ya kuchimba kawapa watu wa kale. Neno "shimo" likamsaidia kuwaficha, hata kama Johnson hakukusudia.

Almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940, baada ya tafsiri hii, kwa hiyo msomaji wa sasa haelezwi kazi hiyo ni nini. Atakayeifasiri upya ningemwomba aache "shimo" pale wasafiri wanaposimama ukingoni kutazama, na jaladani aandike "machimbo".