Kukua kwa Shujaa katika Hadithi za Picha

Superman, aliyetungwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1938, alikuja duniani amekwisha kamilika. Mtu aliyekamilika hana pa kukulia. Ndipo mwaka 1962 Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walipomleta Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake na mkewe. Aliumwa na buibui akapata nguvu, naye akazitumia kwanza kutafuta fedha na sifa. Mwizi alimpita asimzuie. Mwizi yule yule ndiye aliyemwua ami yake.

Tangu hapo wasomaji walimwona akikua. Mwaka 1965 alimaliza shule ya sekondari, akaingia chuo kikuu, huku akihangaikia fedha na afya ya yule mama aliyemlea.

Mtihani mkubwa ulifika mwaka 1973, katika matoleo ya 121 na 122, yaliyoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane. Adui alimtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, kutoka darajani. Shujaa akamnasa kwa utando wake. Kule kukatizwa ghafla kukamvunja binti shingo. Naam, nguvu iliyokusudiwa kuokoa iliua. Akampiga adui yule karibu na kufa, kisha akajizuia.

Lakini mwanafunzi asimtazame Peter peke yake. Mimi naona aliyekua zaidi ni Mary Jane Watson, msichana wa anasa na mizaha. Peter, kwa uchungu, alimtolea maneno makali na kumfukuza. Hakujibu kwa hotuba. Alikwenda mpaka mlangoni, akasita, akaufunga mlango, naye akabaki ndani.