Shaha na Cheki: Asili na Maana za Neno "Check"

Neno la Kiingereza "check" hutumiwa kwa maana ya kuzuia, kudhibiti, kukagua, mirabaraba ya kitambaa na, kwa tahajia ya Marekani, hata hundi ya benki. Msomaji aweza kudhani kwamba hayo ni maneno matano yaliyokutana kwa sauti tu. Historia yaikanusha dhana hiyo.

Asili ya yote ni neno la Kiajemi "shah", yaani mfalme. Katika sataranji, mchezaji aliyemtisha mfalme wa mwenzake alilitamka neno hilo ili kumwonya. Waarabu walilipokea pamoja na mchezo wenyewe, likafika Ulaya, na katika Kifaransa cha kale likawa "eschec". Kwa kuwa mchezaji ambaye mfalme wake ametishwa hulazimika kuacha azma nyingine zote, neno lilipata maana ya kizuizi. Kizuizi kikazaa udhibiti, na udhibiti ukazaa ukaguzi.

Ubao wa mchezo nao ulizaa tawi la pili. Wakati wa utawala wa Mfalme Henry I (1100–1135), maofisa wa hazina ya Uingereza walihesabu fedha juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha mirabaraba, na hazina ikaitwa kwa jina la ubao huo, "Exchequer". Katika karne ya 18, "check" ilikuwa kipande cha hati kilichobakizwa ili kuzuia ughushi. Baadaye jina likahamia kwenye hati yenyewe, na Waingereza wakaiandika "cheque" kwa kuiga tahajia ya "Exchequer".

Kwetu pwani jambo hili lina funzo. Shaha, bingwa wa washairi, ana asili hiyo hiyo ya Kiajemi; na cheki ya benki, iliyotufikia kwa njia ya Kiingereza, ni nduguye, ingawa sauti zao hazifanani. Kinyume chake, shaha la mnazi, yaani ule moyo mweupe wa kilele, lafanana na shaha wa malenga herufi kwa herufi, wala maana zao haziunganiki.

Hapana budi, basi, mtunga kamusi ajihadhari. Akiyaunganisha maneno kwa sauti, atawafanya watu baki kuwa ndugu. Akizitenga maana kwa sababu tu zimeachana mno, ataukata ukoo. Na hata aijuapo asili, asimlazimishe msemaji wa leo kuifuata: mwenye kuandika cheki hamtishi mfalme ye yote.