Unashuka Newala kwenda Masasi? Hivi ndivyo vya kuangalia unaponunua pedi na diski za breki

Anayetoka Mnyambe au Newala mjini kwenda Masasi anaanza safari juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, kisha anashuka. Mteremkoni breki hubanwa muda mrefu na kupata moto. Hapo ndipo pedi za bei chee zinaweza kuacha kushika, tena gari imejaa abiria au magunia ya korosho.

Kwa hiyo ukifika duka la spea, ukishauliza bei uliza na hili: pedi hizi zinavumilia joto?

Aina tatu za pedi

*Za nyuzinyuzi:* Ni laini, hazipigi kelele na bei yake ni nafuu. Ila huisha haraka na hupungua nguvu zikipata moto mkali. Zinatosha kwa gari ndogo ya mizunguko ya mjini.

*Zenye chuma:* Zimechanganywa na chembe za chuma, hivyo huvumilia joto vizuri. Kasoro yake ni kelele na kula diski mapema. Kwa Noah, Hiace au pikapu inayobeba mzigo mteremkoni, hizi ndizo za kuangalia kwanza.

*Za kauri:* Ni tulivu, zina vumbi kidogo na hudumu, lakini bei imechangamka. Ughali wake haumaanishi zinafaa kila mzigo.

Soma herufi mbili

Pedi nyingi zina herufi mbili ubavuni, kama FF au FE. Ya kwanza inaonyesha mshiko zikiwa na joto la kawaida, ya pili zikiwa zimepata moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Maana yake, FE hulegea zikipata moto, wakati FF hubaki palepale. Kwa mteremko, chagua FF au zaidi. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani.

Diski nazo zina kikomo

Diski nyingi huandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa alama ya "MIN TH" na milimita zake. Mwambie fundi apime. Ikishafika hapo, hakuna cha kuchonga tena, inabadilishwa. Diski nyembamba hupata moto haraka na inaweza kupasuka.

Kama diski za gari yako zina nafasi ya hewa katikati, usikubali kufungiwa zisizo nayo. Nafasi hiyo ndiyo inayopooza.

Usibahatishe saizi

Magari mengi ya Tanzania ni yaliyotumika Japani, na jina moja la gari linaweza kuwa na breki za saizi tofauti. Nenda na namba ya chesisi au pedi ya zamani mkononi.

Boksi lenye maandishi yaliyokosewa au pedi isiyo na namba yoyote ni dalili ya feki. Dai risiti. Bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani (FCC), na za chini ya kiwango TBS.

Wakati wa kufunga

• Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, si upande mmoja.

• Pedi ikibaki milimita 3, muda wake umeisha.

• Fundi asipulize vumbi la breki kwa upepo. Baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asibesto, inayosababisha saratani.

• Angalia mafuta ya breki. Hunyonya unyevu na huchemka mapema yakizeeka, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

• Pedi mpya zizoeshwe kwanza kwenye barabara tambarare: punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kadhaa, ukiziacha zipoe kidogo kila mara. Usizipeleke mteremkoni siku hiyohiyo zikiwa bado ngeni.

Ukishaanza kushuka

Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Kwa gari ya otomatiki, tumia L au 2. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikawa laini, tafuta sehemu salama usimame, breki zipoe. Usizimwagie maji, diski yenye moto inaweza kupinda au kupasuka.