Tembo la Mnazi

Tembo la mnazi, ambalo Mombasa watu huliita mnazi basi, ni kinywaji kitokanacho na utomvu wa karara, ala inayofunika maua ya mnazi kabla hayajachanua. Bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, huuzwa mangweni, mara nyingi chini ya mwembe au kwenye kibanda cha makuti. Ni kinywaji cha kale cha Wamijikenda, na kwa mila yao posa huanza kwa kadzama, tembo linalopelekwa kwa wazee wa msichana.

Mgema hukwea asubuhi na jioni akiwa na kotama, kisu kilichopinda, na kibuyu kiunoni. Huifunga karara isipasuke, huiinamisha siku baada ya siku, kisha hukata ncha yake kipande chembamba mno. Utomvu hudondoka ndani ya chombo kilichofungwa hapo juu. Akikosa kukata, jeraha hukauka na mti huacha kutoa. Karara inayogemwa haizai nazi, kwa hiyo mwenye shamba huchagua: tembo leo au nazi mwakani.

Umri wa tembo huhesabiwa kwa saa. Utomvu una sukari ya asilimia 12 hadi 15 hivi, na hamira ya asili huanza kuila kabla chombo hakijateremshwa. Tembo la alfajiri ni tamu, povu lake linachonyota ulimi kidogo, na pua inapata harufu ya ndizi mbivu. Kufikia jioni utamu umepungua, ukakasi umeingia na kileo kimefika asilimia 4 au 5. La jana ni kali na chachu, na wapo wazee wasiotaka jingine. Likiachwa zaidi huwa siki. Mwonjaji mzuri hunusa kwanza, hulishika tembo kinywani kabla ya kumeza, kisha hutaja limeteremshwa lini. Wanaojua kazi hii hawakosei kwa mengi. Tembo hunywewa kwa mrija wenye kichujio cha nyuzi kinachozuia wadudu na takataka za mtini.

Kipimo hiki cha umri kwa saa ni kinyume kabisa cha wiski ya kimea ya Uskoti, inayosifiwa duniani kwa wingi wa miaka yake. Sheria ya huko inataka wiski ikae ndani ya pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na zinazothaminiwa sana hufika 25 au 30. Kila mwaka pipa hupoteza karibu asilimia 2 kwa kuvukizwa, fungu ambalo Waskoti husema ni la malaika. Katika joto la Pwani lingekuwa kubwa zaidi. Hata hivyo ladha ya matunda katika vinywaji hivi viwili ina chanzo kimoja. Hamira inapokula sukari hutengeneza esta, na ndizo zenye harufu ya ndizi, tufaha au nanasi. Kwenye wiski mti wa pipa huongeza ladha ya zabibu kavu na viungo, hasa pipa lililowahi kuhifadhi mvinyo wa sheri. Tembo halina pipa la kulisaidia. Linachoonyesha ni mti, hali ya hewa na mkono wa mgema, na kwa maoni ya mwandishi huyu linastahili kuonjwa kwa makini yaleyale.

Hila kubwa ya soko ni maji, na methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji inajulikana kila pembe ya Pwani. Tembo lililotiwa maji huwa jepesi na utamu wake hukatika upesi ulimini. Likiongezwa sukari ili kuficha, utamu hubaki midomoni ukinata. Jikoni nako tembo lina kazi: lilikuwa hamira ya mkate wa kumimina kabla ya hamira ya dukani, na tembo tamu likichemshwa hadi kuwa zito hupatikana asali ya tembo.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la Mututho kwa kumtaja mbunge aliyeisimamia, iliruhusu baa kuuza kuanzia saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana wikendi, hadi saa 5 usiku. Saa hizo zilizifaa bia na pombe za chupa, ambazo haziharibiki zikingoja. Tembo la alfajiri likifika saa 11 jioni si lile tena.

Minazi ya Kisauni na Likoni inakatwa kupisha nyumba, na sehemu kubwa ya tembo la mangweni sasa huletwa na magari kutoka Rabai, Kaloleni na Kwale, likifika na saa kadhaa mgongoni. Anayetaka kulijua tembo tamu kama lilivyo aende shambani asubuhi, asimame chini ya mnazi mgema anaposhuka, na aonje hapohapo.