Nyani

Hapa Singida, ambako mlinzi wa shamba la mtama hushinda juu ya jiwe na kombeo mkononi, neno nyani halihitaji kamusi: ni hayawani mwenye kiganja kama cha binadamu, avunjaye suke na kulitia shavuni huku akimkodolea macho mwenye mali. Naamini Shaaban Robert alilipima neno hili katika kitabu chake Adili na Nduguze. Maana katika hadithi ya Alfu Lela Ulela inayofanana nayo ndugu wahaini hugeuzwa mbwa, ilhali Hasidi na Mwivu, nduguze Adili waliomsaliti, waligeuzwa nyani. Mbwa ni mwaminifu, tena hana kiganja. Mikono iliyomtosa Adili baharini ilistahili kubaki mikono, yenye manyoya.