Rede, Baraza na Uwanja wa Mpira: Nafasi ya Michezo ya Watoto katika Historia ya Dar es Salaam

Historia ya michezo ya Dar es Salaam imeandikwa kwa kiasi kikubwa kupitia vilabu. Sababu yake haihitaji nadharia nzito. Klabu huacha nyuma usajili, barua za kuomba uwanja na matokeo yaliyochapishwa magazetini. Kwa hiyo Young Africans iliyoanzishwa mwaka 1935, na Sunderland (Simba ya leo) iliyofuata mwaka 1936, zimepata wanahistoria wake. Rede haikuandikiwa barua. Hoja ya sehemu hii ni kwamba pengo hilo la majalada limehamia katika ardhi yenyewe: palipofikiriwa burudani ya wakazi, kilichotengewa nafasi kwanza ni kile kilichokuwa na kumbukumbu, yaani kandanda ya wavulana na wanaume.

Mnazi Mmoja ni mfano wa kwanza, na una kinaya chake. Eneo hilo halikutengwa ili watu wacheze. Wajerumani walibuni mpango wa kuugawa mji kwa kanda, na Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, wakaliacha wazi katika miaka ya 1920 ili kutenganisha Uhindini na makazi ya Waafrika ya Kariakoo, kwa kisingizio cha afya. Wakazi waliligeuza ukanda huo wa ubaguzi kuwa mahali pa mpira, swala za Idd na mikutano ya siasa. Hata hivyo, mtoto wa miaka saba hakutumwa Mnazi Mmoja kila jioni.

Alicheza karibu na mlango wa kwao. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati na uani nyuma. Kati ya baraza moja na nyingine palikuwa na mchanga. Rede ilitosha hapo. Wachezaji wawili husimama kwenye ncha mbili na kurushiana mpira wa matambara au soksi, wakimlenga aliye katikati, naye hukwepa huku akijitahidi kuijaza chupa mchanga. Mchezo huu unataka kasi, shabaha na pumzi, na kwa sehemu kubwa umekuwa wa wasichana. Kombolela ilihitaji kopo na vichochoro vya kujifichia; mdako ulihitaji kokoto na kishimo tu. Bibi aliyeketi barazani akisuka ukili aliwaona wote bila kuacha kazi yake. Kwa maoni ya mtafiti, baraza lilikuwa chombo cha malezi na burudani kwa pamoja, na hapa ndipo familia inapoingia katika historia hii: haikuwa watazamaji wa mechi, ilikuwa sharti la mchezo wenyewe kuwapo.

Sharti hilo limeondoka polepole. Mji uliokuwa na watu 272,821 katika sensa ya 1967 ulikuwa mkoa wenye watu 5,383,728 mwaka 2022. Tangu kulegezwa kwa masharti ya biashara, maghorofa yamechukua nafasi ya nyumba nyingi za Kariakoo, na ghorofa halina baraza. Sinza, iliyopimwa katika mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, ilikuwa na maeneo ya wazi katika ramani yake. Baadhi yamekwisha kujengwa. Kwingineko kuta za uzio na magari vimeumaliza mchanga.

Taasisi hazikukosekana. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na UMITASHUMTA huwakutanisha wanafunzi wa shule za msingi. Lakini mashindano huchuja: asiyechaguliwa hurudi nyumbani, na swali letu linaanzia hapo anaporudi.

Kwa sababu hiyo utafiti huu unatanguliza masimulizi ya wanawake kabla ya majalada ya vilabu. Waliocheza rede Kariakoo katika miaka ya kwanza ya Uhuru sasa wamepita umri wa miaka sabini. Wanajua urefu wa kichochoro kilichotosha, saa ambayo jua lilipungua, na nani alikuwa barazani. Vipimo hivyo havimo katika ramani yoyote ya mipango miji, na muda wa kuviuliza unazidi kupungua.