Kimya cha Butiama: Tawasifu za Marais Wastaafu kama Chanzo cha Historia ya Tanzania

Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alifariki mwaka 1999 bila kuchapisha tawasifu. Kitabu chake cha mwaka 1994, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kinajadili mgogoro wa Muungano, si maisha yake. Utoto wake miongoni mwa Wazanaki umesimuliwa zaidi na wengine. Warithi wake walivunja kimya hicho: Benjamin Mkapa kwa Kiingereza mwaka 2019, Ali Hassan Mwinyi kwa Kiswahili mwaka 2021. Mkapa alieleza majuto kuhusu mauaji ya Pemba ya Januari 2001. Hata hivyo, majuto ya mtawala hayachukui nafasi ya ushahidi wa wafiwa. Tawasifu ni ushahidi na utetezi kwa pamoja. Hivyo, kuanzia Butiama hadi Guta, masimulizi ya wazee hayana budi kuhifadhiwa sambamba nazo.